Uzi: Kupamba pikapu za gita la umeme kwa pembe, lubugo (kitambaa cha gome la mti) na shaba bila kuua sauti

FundiWaKoili, Makindye, Kampala

Habari za jioni wadau wa gita, wa Kampala na mlioko wilayani.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya swali ambalo wateja hawaachi kuniuliza. Mtu analeta gita, anataka libadilike sura, na kitu cha kwanza anachokinyooshea kidole ni pikapu, vile vinasa sauti vya sumaku na koili ya waya vilivyo chini ya nyuzi, maana ziko katikati ya gita na taa za jukwaani zinapiga hapo hapo. Mmoja anataka fuvu, wa pili msalaba, wa tatu muziro (mnyama wa mwiko) wa ukoo wake: kamongo kwa watu wa Mmamba, kima kwa watu wa Nkima. Halafu anauliza: fundi, sauti haitaharibika? Mitandaoni majibu ni ya mkato. Kuna wanaosema pambo lolote linaua sauti, na kuna wanaosema pambo ni pambo tu, halina neno. Mimi nasema inategemea umeweka kitu gani juu ya koili, kina unene gani na kimekatwa vipi.

Wanaoona kupamba pikapu ni mambo ya kitoto watazame historia yake. Miaka ya 1950 huko New Jersey, Marekani, Nathan Daniel wa kampuni ya Danelectro alichukua vikebe vya rangi ya mdomo vya akina mama, vile vya shaba vilivyopakwa kromu, akaingiza sumaku na koili ndani, akafunga gitani. Alitaka gita la bei nafuu ambalo kijana wa kawaida angelimudu. Leo viwanda vinatengeneza pikapu za umbo lile lile kwa sababu watu wanapenda sura yake na mlio wake. Wajapani wa Teisco miaka ya 1960 walitoboa makava yao na kuweka chini yake karatasi ing'aayo kama dhahabu, na pikapu hizo za magita ya rahisi baadaye zikatafutwa na wapigaji wakubwa, Mmarekani Ry Cooder akiwa mmojawapo.

Hata hambaka ya Gibson, ile pikapu ya koili mbili, ina kisa chake. Seth Lover, mhandisi wao, aliombea hataza mwaka 1955, ikatoka 1959. Ndani ya kava zake plastiki ya kuzungushia waya ilikuwa nyeusi, lakini kuna kipindi ilitumika ya rangi ya krimu, na nyingine zikatoka upande mmoja mweusi na mwingine krimu. Hakuna aliyejali, kwa sababu kava lilificha yote. Miaka ya 1960 wapigaji walipoanza kung'oa makava wakitafuta trebo (sauti za juu) zaidi ndipo wakakuta rangi hizo. Sasa watu wanaagiza mwonekano huo wa pundamilia kwa makusudi, na krimu pande zote mbili kampuni ya DiMarzio wameisajili Marekani kama alama yao ya biashara. Rangi tu ya plastiki! Kwa hiyo sura ya pikapu ina thamani, na sioni kwa nini sura hiyo isitoke kwa mafundi chuma wa Katwe au kwenye pembe za ng'ombe wa Ankole.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba nyekundu, unene kama milimita 0.063, na hambaka za zamani zilikuwa na mizunguko elfu tano hivi kwa kila koili. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, uga wa sumaku unayumba, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya, ampu inaukuza. Sasa weka bati linalopitisha umeme katikati ya uzi na koili. Uga ule unaoyumba unazalisha umeme ndani ya bati nalo. Umeme huo unazunguka humo humo bila kwenda popote, unakula nguvu, na unachokula zaidi ni sauti za juu. Kadiri bati linavyopitisha umeme vizuri, na kadiri lilivyo nene, ndivyo trebo inavyofifia.

Ndiyo maana kava nzuri za hambaka ni za nikeli silva, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Haivutwi na sumaku, inashika lehemu, na inapitisha umeme kidogo. Shaba ya njano inapitisha umeme zaidi ya mara nne ya hapo. Bati la chuma cha kawaida ndilo baya kuliko yote, linavutwa na sumaku na kuupindisha uga wenyewe.

Vitu visivyopitisha umeme kama plastiki, mbao, mfupa, pembe, kitambaa na rangi vinapitwa na uga wa sumaku kana kwamba havipo. Hapo ndipo Uganda tuna utajiri. Pembe ya ng'ombe wa Ankole ukiichemsha inalainika, unaibana katikati ya vibao viwili vya chuma mpaka ipoe, inatoka bapa. Ukiipitishia msasa kuanzia 120 hadi 1000, ukamalizia kwa kitambaa na nta, inatoa mistari ya krimu, hudhurungi na nyeusi ambayo haijirudii kwenye kipande kingine. Mimi huiacha ikae kwanza baada ya kuibana, kwa sababu pembe inacheza na unyevu. Ukiikata siku hiyo hiyo, kesho unakuta pembeni imenyanyuka.

Tahadhari kubwa ya pembe ni unene. Kipimo ambacho wengi huanzia kwenye hambaka, ukiwa umebonyeza fureti ya mwisho (fureti ni ile mistari ya chuma ya shingoni), ni milimita 2.4 kati ya pikapu na uzi mnene, na 1.6 upande wa uzi mwembamba. Ukibandika kipande cha milimita tatu juu ya koili, inabidi ushushe pikapu yote, na hapo sauti inapungua hata kama pembe haina kosa. Mimi sipitishi milimita moja na nusu.

Karibuni tuchangie. Waliofanya kwa shaba, mbao au lubugo waseme walichosikia.

SebeneYaKivu, Nsambya

Kaka Fundi, asante kwa uzi. Mimi mpiga solo, natoka Bukavu, niko Kampala muda sasa na bendi. Naunga mkono urembo, lakini niseme la moyoni kuhusu shaba. Sebene, ile sehemu ya kuchezesha watu katika muziki wa Kongo, inaishi kwenye trebo. Solo na mi-solo (gita la kati) wakianza kujibizana, kila noti lazima ikate, la sivyo ngoma na besi zinawameza. Kuna rafiki yangu alichongewa kava mbili za shaba ya njano zenye maua na jina la mkewe, kazi safi ya mkono, ukiiona utasimama. Lakini pikapu ya daraja (yenye mlio mkali) ikawa kama ya shingo (yenye mlio mzito). Alifungua trebo yote kwenye ampu, bado noti zilizama. Mwishoni alizifungua akazitundika ukutani nyumbani.

Inauma, kwa sababu kazi ile ilikuwa nzuri kweli. Je, shaba tuiache kabisa?

FundiWaKoili

Usiiache, kaka. Kava la rafiki yako nadhani lilichongwa juu juu, nakshi ikiwa imechimbwa bila kutoboka. Bati zima likabaki chini ya nakshi, na umeme ule ukawa na njia kamili ya kuzunguka.

Dawa yake ni kukata njia hiyo. Kwenye hambaka umeme unazunguka kuizunguka safu ya nguzo (vile vyuma sita vya katikati) za kila koili. Ukipasua ufa mwembamba unaounganisha matundu sita ya skrubu, ukautoa nje kwenye ukingo mfupi na kuushusha mpaka chini ya ubavu wa kava, mzunguko wa koili hiyo unakatika. Fanya vivyo hivyo kwa koili ya pili. Kava linabaki limeshikana upande mmoja, bado limeungwa na ethi (waya wa ardhi), bado linazuia kelele za hewani, lakini trebo inarudi kwa kiasi unachokisikia waziwazi.

Ndiyo maana napenda nakshi za kutoboa kuliko za kuchimba. Mteja wangu wa ukoo wa Mmamba nilimchorea kamongo wawili, mmoja juu ya kila koili. Mwili mrefu wa samaki ndio ufa wenyewe, unapita tundu hadi tundu, mkia unatokea ukingoni. Mtu akitazama anaona samaki. Hakuna anayejua kwamba mchoro ule ndio unaoipisha trebo.

Ukitaka kuhakikisha kabla ya kulehemu: shikiza kava kwa klipu na waya wa ethi, piga kodi ile ile kwa nguvu ile ile, rekodi kwa simu. Vua kava, urefu wa pikapu usiuguse, rekodi tena. Programu za bure za kuonyesha masafa ya sauti zitakuonyesha sehemu ya juu imeshuka kiasi gani. Na masikio yako yapo.

ChumaKatwe

Nimefurahi kuona Katwe imetajwa kwa heri. Sisi tunakata bati za kila aina, naongeza upande wa mkono.

Msiruhusu mtu akate nakshi hizi kwa grainda. Bati la kava ni jembamba, nusu milimita hivi, likipata joto linajikunja na matundu yanahama. Tumia msumeno mwembamba wa sonara, ule wa fremu wenye uzi wa meno madogo. Toboa tundu dogo, pitisha uzi wa msumeno, kaza, kata polepole ukiwa umelaza bati juu ya kipande cha mbao chenye pengo la umbo la V. Pakeni nta kidogo kwenye uzi, hautakatika ovyo. Baada ya hapo tupa ndogo, kisha msasa. Kingo za ndani zilainishwe sana, kwa sababu uzi mwembamba wa gita ukinasa kwenye ncha ya shaba wakati wa kuvuta noti, unakatika hapo hapo.

Leza zipo mjini na zinachora vizuri sana juu ya plastiki na mbao. Kwa shaba, leza nyingi zinaacha alama tu, hazikati. Uliza kwanza.

GitaKanisani, Mbarara

Bwana asifiwe ndugu zangu. Napiga kanisani, gita letu lina pikapu tatu za koili moja. Mwaka huu vijana walichonga makava ya mbao ya mgavu, yakapendeza sana, waumini wakayasifu. Ila tangu siku hiyo kuna mvumo mkubwa, ukishika nyuzi unapungua, ukiachia unarudi. Mbao inaweza kuleta kelele? Fundi umesema mbao haina athari.

MzeeRedio, Bombo

Mwanangu wa Mbarara, nimetengeneza redio na ampu maisha yangu yote, sikiliza.

Mbao hailetei pikapu kelele, ila nayo haiikingi. Kama kava za mwanzo zilikuwa za chuma zenye waya wa ethi, au vijana walipofungua walikata waya wa ethi wakadhani hauna kazi, basi kinga imeondoka. Mvumo unaopungua ukishika nyuzi ni dalili kwamba ethi ya gita ipo mpaka kwenye daraja lakini kuna sehemu ya ndani iko wazi. Umeme wetu ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo huo ni wa chini, mzito. Koili moja inauokota kuliko hambaka.

Fungua, bandika karatasi ya shaba nyekundu kwenye kuta za shimo la pikapu na ubavuni mwa kava kwa ndani, iunge na ethi. Juu ya koili usiweke. Na ile ya ubavuni usiifunge ikawa pete kamili kuizunguka koili, acha pengo dogo, kwa sababu pete kamili ya shaba inakula trebo vile vile kama alivyoeleza Fundi.

Halafu, mwanangu, kagueni soketi ya kanisa. Jengo likiwa halina ethi, gita zuri namna gani litavuma. Tena mwimbaji akishika maiki huku ameshika gita, mdomo ukapigwa shoti, zimeni kila kitu siku hiyo hiyo muite fundi umeme. Hilo si jambo la kusubiri Jumapili ijayo.

GitaKanisani

Asante sana mzee. Waya wa ethi ulikatwa kweli, nimeuona umekunjwa chini ya pikapu ya katikati. Nitaurudisha, na soketi nitazungumza na wazee wa kanisa.

BesiJinja

Mimi dada wa besi, Jinja. Fundi, mbona lubugo umelitaja kwa jina tu ukaliruka? Gita langu la besi lina pikapu mbili nyeusi zilizofungwa pande zote, kama vipande vya sabuni, hazina skrubu juu wala nguzo zinazoonekana. Nataka nizivike lubugo lile la rangi ya udongo mwekundu. Gundi gani? Na je, jasho halitaliharibu? Dole gumba langu linakaa juu ya pikapu muda wote.

Kuna lingine linanisumbua zaidi ya gundi. Bibi yangu alizikwa kwa lubugo. Mama anasema kitambaa cha kuzikia wafu hakichezewi kwenye gita la baa. Sitaki kumvunjia heshima. Wenye kulijua watusaidie.

MjukuuWaNgonge, Masaka

Dada wa Jinja, ngoja nikujibu la pili, kwa kuwa kwetu ni ukoo wa Ngonge na lubugo ni kazi ya wazee wetu.

Mama yako hajakosea. Lubugo linavishwa wafu, ndiyo. Lakini linavaliwa pia Kabaka anapotawazwa na kwenye sherehe nyingi za furaha. Ni vazi la matukio makubwa yote, msiba ukiwa mojawapo. UNESCO walitambua ufundi wake mwaka 2005, ukaingia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008, na tangu hapo nimeona kofia, mikoba, vifuniko vya taa na hata mapambo ya kuta za hoteli. Wazee wetu hawakulalamika kuhusu matumizi mapya. Wanacholalamikia ni kuona ufundi unakufa kwa kukosa wanunuzi.

Ningekushauri mambo mawili. Nunua kwa anayeligonga mwenyewe, umwambie unalipeleka wapi. Na usitumie kipande kilichotoka kwenye shughuli ya msiba, hata kama ni mabaki. Ukifanya hivyo, mwambie mama kwamba mjukuu mmoja wa Ngonge ameridhia.

Na kwa wasiojua: gome la mutuba linachunwa mti ukiwa hai, shina linafungwa majani ya mgomba, linaota gome jingine. Gome linagongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka linakuwa jembamba na pana. Ukilitazama kwa karibu utaiona mistari ya nyundo, myembamba sana, imelala kuelekea upande mmoja. Kwenye pikapu ilaze mistari hiyo ifuate urefu wa pikapu. Ikikaa kinyume inaonekana kama kitambaa kilichokunjamana.

FundiWaKoili

Ndugu wa Masaka, umenijibia vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mistari ya nyundo sikuwahi kuifikiria hivyo, na ni kweli kabisa.

Dada, la gundi sasa. Pikapu zako ndizo rahisi kuliko zote, kwa sababu koili imefungiwa ndani ya plastiki na huigusi kabisa. Safisha kava kwa spiriti kuondoa mafuta ya mikono. Kwaruza kwa msasa 400 mpaka mng'ao wake ufifie kidogo tu. Tumia gundi ya mbao, ile nyeupe, uliyoipunguza kwa maji machache. Paka kwenye kava, laza lubugo, bonyeza kutoka katikati kwenda nje kwa kidole kilicholowa. Kata ziada kwa wembe mpya siku ya pili, likiwa limekauka kabisa. Ukikata likiwa bichi, nyuzi zake zinavutika na pembe zinachanika.

Super glue usiikaribishe. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe, na ikilowa ndani lubugo linakuwa gumu na jeusi kama limeungua. Rangi ile uliyoipenda hutaiona tena.

Jasho ni tatizo la kweli. Paka vanishi isiyong'aa, nyembamba, mara kadhaa, kila koti likauke. Ukitaka libaki na mguso wa kitambaa, paka zaidi mahali dole gumba linapokaa, kwingine kidogo. Litakuwa jeusi taratibu mahali hapo, na mimi naona linapendeza likizeeka namna hiyo. Anayetaka libaki jipya milele aweke plastiki.

BesiJinja

Webale nnyo, ssebo wa Masaka. Nimemsomea mama maneno yako kwa simu. Amesema nilete kwanza alione kabla halijabandikwa.

KijanaArua

Shikamoo wakubwa. Mimi mwanafunzi, napiga gita la mkopo la shule. Maswali mawili. La kwanza, huku West Nile nta ya nyuki haitusumbui, kila mwenye mizinga anayo. Nasikia pikapu zinachovywa kwenye nta zisipige filimbi. Je, pikapu iliyovalishwa pembe inaweza kuchovywa? La pili, nimeona video ya pikapu zinazowaka taa ndogo za LED. Zinaleta kelele?

FundiWaKoili

Marahaba kijana. Maswali mazuri, hasa la kwanza.

Pikapu inapiga filimbi ampu ikiwa juu kwa sababu kuna kitu kinatikisika: waya wa koili uliolegea, au kava lenye nafasi ya hewa chini yake. Kwa hiyo anayeweka kava la pambo bila kujaza nafasi ile anajitafutia filimbi. Hambaka za mwanzo za Gibson hazikuchovywa, na wapo wanaozipenda hivyo hivyo, lakini walikuwa hawapigi kwa sauti za jukwaa la leo.

Mchanganyiko unaotumika sana ni nta ya parafini, ile ya mishumaa, sehemu nane, na nta ya nyuki sehemu mbili. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi. Weka nta kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, kipimajoto ndani, usiipeleke mbali zaidi ya 65. Plastiki ya koili inaanza kupinda joto likizidi. Kamwe usiweke nta moja kwa moja juu ya sigiri au gesi, mvuke wake unashika moto. Chovya, utaona mapovu madogo yanapanda kutoka kwenye koili. Yakikoma, kama dakika 15 au 20, toa, futa, acha ipoe ikiwa imelala.

Pembe usiichovye. Joto huilainisha, kwa hiyo inaweza kupinda, na lubugo litanywa nta na kubaki na madoa. Chovya koili kwanza, ipoe, kisha vaa pambo kwa tabaka jembamba la silikoni chini yake badala ya nta. Kava la shaba unaweza kulichovya pamoja na koili, kisha futa juu.

Na kwa kuwa ni gita la shule, usifungue koili. Jifunzie kwenye pikapu iliyokufa, mafundi wengi watakupa bure.

Kuhusu LED: zikiwaka moja kwa moja kwa betri ya volti 9 na kizuizi chake, hazina kelele. Zile zinazopepesa au kubadili rangi zina saketi inayowasha na kuzima, na koili inaiokota kama mlio wa ta-ta-ta. Ukizitaka, waya zake zipite mbali na koili na betri iwe yake peke yake.

MzeeRedio

Niongeze jambo ambalo vijana wengi hulisahau. Mnapopamba, mnatumia tupa, msumeno na msasa, na mara nyingi mezani kuna unga wa chuma wa kazi nyingine. Sumaku ya pikapu inauvuta wote. Unaingia kati ya nguzo na koili, na waya wa milimita 0.063 una ngozi nyembamba mno ya varnishi. Unga ukisugua pale, siku moja koili inakufa na hamjui kwa nini. Zibeni pikapu kwa utepe wa karatasi kabla ya kufanya chochote. Steel wool, ile sufi ya chuma, isiingie chumba hicho. Uliokwisha nasa uondoeni kwa kubandika na kubandua utepe unaonata, msipulize kwa mdomo.

Pia pimeni koili kwa mita kabla na baada ya kazi. Hambaka ya kawaida itasoma kati ya kiloomu 7 na 9 au zaidi kidogo kutegemea aina. Muhimu ni kwamba namba ya baada ifanane na ya kabla.

GitaKanisani

Niulize wakubwa: duka moja mjini linauza makava yaliyochorwa nembo za kampuni kubwa za pikapu, bei rahisi. Ukivaa, gita linaonekana la bei kubwa. Mnaonaje?

SebeneYaKivu

Ndugu yangu wa Mbarara, usifanye. Siku utakapoliuza gita hilo utakuwa umemdanganya mnunuzi, na mnunuzi pengine ni kijana aliyechanga pesa mwaka mzima. Mimi nimeshaona mtu akilia kwa hilo. Vaa msalaba wako, au zabibu za Mbarara kama zipo, lakini jina la mtu mwingine liache.

FundiWaKoili

Naunga mkono kwa asilimia zote. Na jambo la karibu na hilo: gita likiwa la zamani na kava zake ni za kiwandani, usizikwaruze wala kuzitoboa. Zifungue, zifunge kwenye mfuko pamoja na skrubu zake, mpe mwenye gita. Pambo livae kava jipya. Kuna magita yanapoteza thamani kubwa kwa kava moja lililotobolewa.

Na mwenye kuletewa pembe za ndovu na mtu yeyote asizipokee. Biashara yake ni haramu, na pembe ya ng'ombe wetu inapendeza kuliko hizo.

BesiJinja

Fundi, swali la mwisho kwangu. Nikitaka baadaye kava la pembe kwa gita la solo la kaka yangu, lenye hambaka, nikutumie vipimo gani? Hawezi kulileta Kampala.

FundiWaKoili

Dada, nitumie vitano. Urefu na upana wa pikapu bila fremu yake, nyingi ni kama 70 kwa 38, lakini pima. Kimo cha ubavu. Umbali kutoka katikati ya skrubu ya kwanza hadi katikati ya skrubu ya sita: huu ndio wengi wanakosea, maana zipo za milimita 49 na kitu, zipo za 50, na zipo za 52 au 53 kwa magita yenye nyuzi zilizotanuka kwenye daraja. Apime kwa vernia, au apige picha kutoka juu kabisa rula ikiwa imelala kando ya skrubu, simu isiinamishwe. Cha tano, nafasi iliyopo sasa kati ya pikapu na nyuzi akiwa amebonyeza fureti ya mwisho, pande zote mbili. Hiyo ya tano ndiyo itakayoniambia nikwangue pembe mpaka unene gani. Aniandikie pia pikapu ni ya daraja au ya shingo, kwa sababu matundu ya hizo mbili mara nyingi hayalingani.